Mti Uliojinyoosha

Nawaonea wivu, vijana wangu. Afadhali mlijue hilo mapema, kwa sababu mmeniomba niwaandikie juu ya kazi yangu ya zamani, na siwezi kuigusa kazi ile bila wivu kujipenyeza. Jumamosi iliyopita niliingia katika ukumbi wa kanisa hapa mtaani Tena, pale mnapojifunzia kuandika programu, nikamkuta Brian anaipa kompyuta yake majina mengi kama watu wa kijiji kizima, nayo inampatia analolitaka kabla hajaondoa kidole kwenye kitufe.

"Umetumia mti gani hapo?" nikamuuliza.

"Mti?"

"Ndiyo, mti wa kutafutia. Ule unaojinyoosha."

"Aah, mzae, hiyo inakuja tu ndani ya lugha ya programu. Unaiita, inatokea."

Unaiita, inatokea! Nilitoka nje nikanunua njugu ambazo sikuzitaka. Kitu kilichonila miaka, kikanitenga na watu niliowapenda, Brian anakiita kama mtu anayeita paka.

Basi kaeni niwaeleze huyo paka wenu alizaliwa vipi mahali nilipofanya kazi, na kwa nini mimi sikuwa mtu wa kumlea.

Nilimaliza kidato cha nne nikaajiriwa katika duka la jumla la vipuri vya magari huko Eneo la Viwanda. Kazi ya kwanza ilikuwa kubeba katoni. Baadaye wakaleta kompyuta, kubwa kama jiko la mkaa la hotelini, yenye kioo cha maandishi ya kijani, na Mzee Wambua aliyeiendesha akanichagua nimsaidie kwa sababu, alisema, mimi peke yangu ndiye niliyeosha mikono kabla ya kuigusa. Yeye ndiye aliyenifundisha kuandika programu. Alikuwa na kitabu kimoja, nakala za mashine zilizofifia, chenye kurasa nyingine zilizopigwa chapa kichwa chini, na tulisoma hivyohivyo tukikizungusha.

Neno lake kubwa lilikuwa hili: kompyuta haina macho, ina kidole kimoja. Wewe ukiingia stoo unaona rafu nzima kwa mara moja. Kompyuta inagusa kitu kimoja, inauliza, "Ndicho hiki?" kisha inagusa kingine. Kwa hiyo kazi yako yote ni kukipunguzia kile kidole safari. Nimekutana na watu wa vyuo vikuu, na sijasikia aliyelisema vizuri zaidi.

Mzee Wambua alipostaafu nikabaki na kompyuta, kitabu, na shida moja. Programu yetu ilitafuta vipuri kwa kupita jina moja baada ya jingine kuanzia mwanzo. Fundi wa gari akitaka beringi, sawa, iko mwanzoni. Akitaka valvu, anaweza kukaa akanywa soda. Ndipo nikasoma ile sura ya mti.

Mti wa kompyuta umepandwa kichwa chini: mzizi uko juu na matawi yanashuka. Weka jina moja juu, tuseme klachi. Jina lolote linalotangulia klachi katika alfabeti linakwenda kushoto. Lolote linalofuata linakwenda kulia. Ikija gasketi, inakwenda kushoto. Ikija plagi, kulia. Ikija bushi, inauliza klachi, inaambiwa kushoto. Inauliza gasketi, inaambiwa kushoto tena. Inapata nafasi tupu, inakaa. Kila jina lina mikono miwili tu, wa kushoto na wa kulia, na linaloshikwa mkononi tunaliita mtoto wa lile lililolishika. Ukitafuta unafuata njia ileile, na kila ukiuliza mara moja unaitupa karibu nusu ya stoo nyuma yako. Nusu, halafu nusu ya nusu. Vipuri elfu moja unavimaliza kwa maswali kama kumi hivi. Nilipoiona inafanya kazi mara ya kwanza nilicheka peke yangu chumbani mpaka Otieno wa kaunta akaja kuchungulia.

Huyo Otieno ndiye aliyenifanya nijione mkubwa. Alikuwa mtu wa mdomo, anajua kila fundi kutoka Kayole mpaka Pipeline. Akawaambia wote kwamba tuna mtu anaitwa Bwana Mti. Mafundi wakaanza kuniita hivyo hata nikiwa sokoni na mke wangu. "Bwana Mti, habari ya mama?" Nikajibu kwa sauti ya mtu mwenye mashamba.

Sasa sikilizeni kosa, kwa sababu ni kosa la watu nadhifu.

Pale dukani tulijivunia utaratibu. Makarani wetu walikuwa watu ambao hawawezi kukuletea rundo la kadi bila kuzipanga kwanza. Kontena la vipuri vipya likifika, waliketi wakaandika kadi kwa kila kipuri, wakazipanga kutoka A mpaka mwisho, wakazisawazisha kingo kwa kuzigongesha mezani, ndipo wakaniletea niziingize. Kadi nzuri kama kitabu cha sala.

Fikirieni mti unalishwa hivyo. Beringi inakuwa juu. Bushi inakwenda kulia. Gasketi kulia ya bushi. Klachi kulia ya gasketi. Plagi kulia, radieta kulia, valvu kulia. Hakuna hata mmoja aliyekwenda kushoto! Hapo huna mti tena, una kamba inayoning'inia, na kidole cha kompyuta kinashuka kamba yote kikitafuta valvu kama zamani. Kadiri makarani walivyozidi kuwa nadhifu ndivyo duka lilivyozidi kuwa goigoi.

"Bwana Mti," Otieno akaniita kwa sauti foleni nzima isikie, "huu mti wako umeota ama umejinyonga?"

Dawa niliyoipata ilikuwa kuchanganya. Nilizichukua kadi za makarani, nikazichanganya kama karata, ndipo nikaingiza. Ilifaa. Majina yakija ovyoovyo, mengine yanakwenda kushoto, mengine kulia, na mti unajaa karibu sawasawa wenyewe. Nikabandika tangazo ukutani: KADI ZOTE ZICHANGANYWE KABLA YA KUINGIZWA. Makarani walinichukia. Mmoja alikuwa akigeuza uso nikichanganya, kama mtu asiyependa kuona kuku akichinjwa.

Dawa yenyewe ilikuwa na mipaka. Vipuri vikiongezwa na kuondolewa, mti ulianza kulalia upande tena, na dawa pekee niliyokuwa nayo ni kuung'oa wote na kuupanda upya kwa kadi zilizochanganywa, duka likiwa limefungwa asubuhi nzima. Bwana Macharia, meneja wetu, alikuwa akisimama mlangoni na kikombe chake akisema, "Kila kontena likija tufunge duka tucheze karata, Mutua?" Mimi nikimjibu kwamba hivyo ndivyo ilivyo kitaalamu. Mtu akikuambia jambo ni la kitaalamu na hataki kueleza zaidi, jueni amefika mwisho wa anachokijua.

Ndipo akaajiriwa Nafula.

Alikuwa msichana wa Bungoma, ametoka chuoni, amepanga chumba Kayole kwa binamu yake. Siku ya kwanza alisoma tangazo langu la ukutani kuanzia herufi ya kwanza mpaka ya mwisho, akaniangalia, akaangalia tena tangazo.

"Kaka Mutua, kwani hapa ni kompyuta ama ni kilabu cha karata?"

Otieno alicheka mpaka akashika kaunta. Na mimi nilicheka. Nilicheka kama mtu aliyekanyagwa na mgeni nyumbani kwake.

Nafula hakuwa na dharau, nataka hilo mlijue. Alikuwa na furaha tu, ile furaha ya mtu aliyejifunza kitu kizuri na hajapata wa kumgawia. Saa ya chai alichukua lebo za stoo, zile za karatasi ngumu zenye uzi, akaandika majina ya vipuri, akazifunga moja chini ya nyingine na kuzining'iniza kwenye msumari wa kalenda. Beringi juu, bushi chini yake, gasketi chini ya bushi. Kamba yangu hiyo.

"Mnaona ulivyopinda?" akawauliza makarani. "Kila lebo iandikwe kimo cha upande wake wa kushoto na wa kulia, yaani ngazi ngapi zinashuka huko. Zikitofautiana kwa zaidi ya moja, mti unaumwa. Sasa tazameni."

Akaishika ile ya katikati, bushi, akainyanyua. Beringi ikaanguka upande wa kushoto, gasketi ikabaki kulia. Bushi juu, moja huku, moja kule. Utaratibu wa alfabeti haukuvunjika hata kidogo. Kushoto bado kuna linalotangulia, kulia bado kuna linalofuata.

"Kila ukiingiza kipuri kimoja, unakagua, ukiona umelala unanyanyua palepale. Hufungi duka, huchanganyi chochote."

Yule karani aliyekuwa akigeuza uso alisimama akapiga makofi. "Kwa hiyo kadi tunaweza kuzipanga?"

"Zipange unavyotaka, dada. Mti utajinyoosha wenyewe."

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye meza yangu na kikombe changu. Watu wote walikuwa wameizunguka meza yake. Hapo ndipo wivu uliponiingia, na nitawaeleza unavyokuwa ili mkiuona muutambue. Haukuja kama hasira. Ulikuja kama usahihi. Ghafla nikawa mtu wa kuona kila kitu: kwamba Nafula alichonga penseli na kuacha maganda mezani, kwamba viatu vyake vilipiga kelele, kwamba mama wa chai sasa alianza kumimina kwake ndipo aje kwangu. Otieno alianza kumwita Madamu Mti. Nikaacha kumsalimia Otieno, eti nina shughuli.

Muda si mrefu Bwana Macharia akatuita sote wawili. Kompyuta mpya zilikuwa zinakuja, na chumba cha juu kinatengenezwa kiwe kitengo cha kompyuta chenye mkuu wake. "Ijumaa kontena linafika," alisema. "Programu ya Mutua na ya Nafula zote zilishwe kadi zilezile. Itakayofaa ndiyo tutakayokwenda nayo juu, na mwenyewe ndiye mkuu."

Nilikitaka kile chumba, vijana. Nilikitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Nilikuwa nimebeba katoni katika jengo lile, na kile chumba kilikuwa na dirisha.

Ningekuwa mtu mwenye akili ningekaa usiku na mchana kuifanya programu yangu ijinyooshe. Badala yake nilichukua nakala ya programu ya Nafula, ambayo alinipa mwenyewe kwa mikono miwili akisema, "Kaka, nisomee, macho ya pili ni mazuri," nikaenda nayo mtaa wa Umoja nilikokuwa nimepanga, kuitafutia kaburi.

Nilifunga lebo kwenye waya wa pazia la sebuleni. Mke wangu Syombua alisimama na mwiko.

"Sasa umekuwa fundi wa mapazia?"

"Ni kazi ya ofisini."

"Ya ofisini gani inayoning'inia? Watoto wanafikiri ni Krismasi."

Nililisha mti wake kadi zilizopangwa, mwanzo mpaka mwisho. Ukajinyoosha kila hatua, mzuri, wa kuudhi. Nikakaribia kukata tamaa. Ndipo nikasema, hebu nianzie nyuma. Valvu kwanza. Kisha radieta, plagi, klachi, gasketi, na bushi mwisho, nikifuata kila mstari wa programu yake kwa mkono kama kompyuta ifanyavyo, bila kuisaidia kwa akili yangu.

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na nawaomba mchukue karatasi mchore. Kabla bushi haijaingia, radieta iko juu. Kulia ameshika valvu. Kushoto ameshika klachi, na klachi naye ana watoto wawili: gasketi kushoto na plagi kulia. Bushi anaingia chini ya gasketi, na upande wa kushoto unazidi. Inabidi klachi anyanyuliwe awe juu, na radieta ashuke awe mtoto wake wa kulia. Lakini mkono wa kulia wa klachi tayari una mtu! Plagi yuko pale. Aende wapi?

Jibu ni zuri sana mpaka linakera. Plagi anakuja baada ya klachi na kabla ya radieta. Na radieta, alipomwachilia klachi, amebaki na mkono wa kushoto mtupu. Basi plagi anahamia pale. Anabadilisha mzazi tu, na utaratibu wote unabaki. Huyo mtoto wa katikati ndiye siri ya miti yote inayojinyoosha. Mkisahau mengine yote niliyoandika, msimsahau yeye.

Nafula alimkumbuka upande mmoja. Mti ulipolalia kulia, alimhamisha mtoto wa katikati vizuri kabisa. Kwa upande wa pili alinakili mistari yake akibadilisha kulia kuwa kushoto, kama sisi wote tufanyavyo, na mstari mmoja ukamponyoka: aliandika kwamba mkono wa kushoto wa mzazi anayeshuka uachwe mtupu. Ukiwa na lebo tatu, kama zile za msumari wa kalenda, huwezi kuliona, kwa sababu hakuna mtoto wa katikati. Ukiwa na sita, plagi anaanguka sakafuni na hakuna wa kumwokota. Nami sikumwokota. Nilimtazama pale chini kwenye zulia nikasikia raha ambayo hata chakula cha Syombua hakijawahi kunipa.

Nawaachia hapa fundisho la kazi: ukinakili upande mmoja kutengenezea wa pili, usiusome kwa macho tu. Usome kwa sauti, mstari kwa mstari, mwenzako akisikiliza. Na ukijaribu programu, usiilishe tu vile unavyotarajia italishwa. Ilishe kinyume.

Meza yangu na ya Nafula zilitenganishwa na upana wa kiti. Ningeweza kumwambia asubuhi iliyofuata. Aliniuliza hata, "Umeona chochote, kaka?" Nikasema, "Bado naendelea kusoma."

Ijumaa ikafika. Watu wote walikuwepo, hata madereva. Mti wangu ulilishwa kadi zilizopangwa, kwa sababu Bwana Macharia alikataa zichanganywe, ukawa kamba mbele ya watu. Wa Nafula ukalishwa kadi zilezile. Otieno akaanza kuita majina, na kila akiita, jibu lilikuwa tayari kwenye kioo. Makarani wakashangilia. Nikangoja makofi yaishe. Nilikuwa nimeyapangia yaishe.

"Bwana Macharia," nikasema, "naomba tufute, tuingize upya kutoka kadi ya mwisho kuja ya kwanza."

"Kwa nini?"

"Kontena jingine litapakuliwa kinyume. Ni jambo la kitaalamu."

Wakaingiza. Otieno akaanza tena. Radieta, ipo. Klachi, ipo. Plagi.

HAIPO, kioo kikasema.

"Plagi," Otieno akarudia, kana kwamba kompyuta haikusikia. Haipo. Akachukua plagi moja kutoka kwenye kasha akainyanyua juu. "Sasa hii nimeshika ni nini, mahindi?"

Akajaribu majina mengine. Mengi yalikuwa yamepotea. Nikasimama, nikatoa lebo zangu mfukoni, nikazining'iniza kwenye ule msumari wa kalenda, nikaeleza. Sijawahi kueleza kitu vizuri namna ile maishani mwangu. Nilionyesha klachi akinyanyuka, radieta akishuka, nikaiachia plagi ianguke sakafuni mbele ya viatu vya Nafula. Nilisema, "Na hili ndilo duka mnalotaka kulikabidhi."

Nilimtazama usoni nikitarajia aibu. Nafula alikuwa anatazama sakafuni, kwenye ile lebo, midomo ikicheza kama mtu anayesoma.

"Rudia hapo kwa klachi, kaka."

Nikarudia. Wivu una ujinga wake: nilikuwa nafurahia kueleza mpaka nikasahau namweleza nani.

Akainama, akaiokota plagi, akaifunga chini ya radieta upande wa kushoto. Akarudi nyuma kidogo. "Hapo," akasema polepole. Kisha akaketi kwenye kompyuta, akabadilisha mstari mmoja, akaomba kadi ziingizwe tena kutoka nyuma. Otieno akaita plagi. Ikaja. Akaita zote. Zikaja zote.

Nafula akageuka. "Kosa lilikuwa langu," alimwambia Bwana Macharia. "Mimi naandika haraka. Kaka Mutua ndiye anayeona. Bila yeye tungepoteza nusu ya stoo na tusijue. Ukinipa chumba cha juu, nipe pamoja naye. Kila ninachoandika ajaribu kukiua kwanza."

Angenitukana ingekuwa rahisi. Otieno alinipiga begani akasema, "Bwana Mti, si umesikia? Meza yako iko dirishani!" Na Bwana Macharia alikuwa tayari anatikisa kichwa kukubali: Nafula mkuu, mimi msaidizi wake.

Chini yake. Hilo tu ndilo nililolisikia. Sikusikia dirisha, sikusikia kwamba ameniomba mbele ya watu wote, baada ya nilivyomtenda mbele ya watu walewale.

"Nashukuru," nikasema. "Afadhali mnirudishe stoo. Nimezoea vitu vinavyoshikika."

"Mutua, fikiria kwanza," akasema Bwana Macharia.

"Nimefikiria."

Syombua aliponiuliza jioni kulikwendaje, nilimwambia wamenipa stoo yote niisimamie. Akanipongeza.

Basi stoo ndiko nilikostaafia. Walifunga mashine ndogo ya kuchapa ukutani karibu na mlango. Otieno akiulizwa kipuri pale kaunta, mti wa Nafula ulikitafuta, na karatasi ilitoka kwangu imeandikwa rafu gani, kasha gani. Nami nilikwenda kwenye rafu ile nikakileta. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu hadi mwisho: mti wake unaniambia niende wapi, nami naenda. Haukuwahi kunituma mahali pasipo na nilichotumwa.

Siku moja, chumba cha juu kikiwa kimezoeleka, Nafula alishuka mwenyewe. Alikuwa amenenepa kidogo, amevaa miwani. Alikuwa na karatasi aliyoichorea mti, imefutwafutwa mpaka ikatoboka.

"Kaka Mutua, naomba dakika moja tu. Ni hii ya kufuta. Tukiondoa kipuri kisichouzwa tena, mti unajinyoosha, lakini baada ya wiki nakuta umelala huko juu. Nimeutazama mpaka macho yanauma. Wewe ungeona."

Nilikuwa nimeshika kasha. Lilikuwa tupu, sijui kama aliliona.

"Nina kazi," nikasema.

"Nitangoja."

"Ni nyingi."

Aliinyoosha ile karatasi kifuani mwake kwa kiganja, kisha akasema, "Sawa, kaka. Siku nyingine," na nikasikia viatu vyake vikianza kupanda ngazi.

Nilikuwa nimeiona karatasi kwa mbali tu, kichwa chini, jinsi nilivyosomeshwa na Mzee Wambua. Na hata hajafika katikati ya ngazi nikajua. Ukiingiza kipuri kimoja, ukinyoosha mara moja umemaliza, mti wote umetulia. Ukifuta, siyo hivyo. Ukinyoosha mahali pamoja, kimo cha tawi zima kinaweza kupungua, na mzazi aliye juu yake akalala kwa sababu hiyo. Kwa hiyo hupaswi kuishia pale. Inakupasa kupanda juu, mzazi baada ya mzazi, ukikagua kila mmoja mpaka mzizini. Yeye alikuwa anaishia pa kwanza. Ni maneno machache. Yalikuwa yamenijaa mdomoni, matamu, na nilijua angecheka kwa furaha akiyasikia, na angeniambia nipande.

Viatu vilifika juu. Mlango ukafungwa. Mashine ikachapa karatasi, nikaenda kutafuta rafu.